Ziba Nyufa Kabla ya Mvua, na Kabla ya Wapuliza Dawa

Methali ya kuziba ufa imesemwa mara nyingi mno hata imekuwa kama salamu: watu huitamka na kuipita. Lakini mtu akiuliza ufa huzibwa kwa udongo gani, kwa kina gani na katika mwezi upi, atawakuta wengi wamenyamaza. Katika mwambao wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, swali hilo lahusu homa za watoto kuliko linavyohusu urembo wa nyumba.

Wilaya ya Nchelenge imo katika Jimbo la Luapula. Msafiri atokaye Mansa hupita Mwansabombwe, kwenye makao ya Mwata Kazembe, kisha hufika ziwani, ambako Nchelenge na Kashikishi zimekaribiana hata mgeni hatambui mji mmoja unakoishia na mwingine unakoanzia. Ng'ambo ya maji ni Kongo, nchi ya Pweto na Kilwa, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko. Upande wa Zambia watu husema Kibemba na lugha za jamaa yake. Pande zote mbili riziki ni ya samaki na mihogo. Samaki wadogo waitwao chisense huanikwa juani kwa wingi, na nyuma ya vichanja na mitumbwi zimepangana nyumba za udongo: matofali mabichi yaliyokaushwa kwa jua, au yaliyochomwa katika tanuru la kienyeji, yakiunganishwa kwa tope, na juu yake nyasi au mabati.

Nyumba ya namna hii haina aibu yoyote. Ni baridi mchana wa Oktoba, wakati jua la huko linapowaka bila huruma. Malighafi yake hupatikana hatua chache kutoka mlangoni. Na mwenyewe aweza kuitengeneza kwa mikono yake. Kasoro yake ni moja kubwa. Udongo hunywea ukikauka, na unaponywea hupasuka. Tofali lilikauka mwaka jana, tope lililoliunganisha limekauka mwezi uliopita, mwimo wa mlango ni wa mti ambao hufura wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Vitu vitatu vimeungana katika ukuta mmoja, na kila kimoja kina mwendo wake. Mahali vinapokutana ndipo ufa unapozaliwa.

WANAOINGIA UFANI

Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi kabisa. Watafiti waliopima damu za watu wa vijiji vya huko, mwaka baada ya mwaka, wamewakuta wengi wakiwa na vijidudu vya ugonjwa huo hata pale ambapo mtu mwenyewe hajisikii mgonjwa, na watoto wa umri wa kwenda shule ndio waliozidi. Mbu anayeueneza zaidi huko ni yule ambaye wataalamu humwita Anopheles funestus. Tabia za mbu huyu yafaa zijulikane na kila mwenye nyumba, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kazi inayopaswa kufanywa.

Jamaa yake, Anopheles gambiae, hupenda vidimbwi vya mvua vyenye jua, kama vile mashimo yanayoachwa na wafyatua matofali. Huyo mtu aweza kumpunguza kwa kufukia mashimo, na ni aibu kwamba mara nyingi shimo lililotoa nyumba huachwa wazi ubavuni mwa nyumba hiyohiyo. Lakini funestus huzaa katika maji ya kudumu yenye majani na matete: kingo za vijito, vinamasi, kingo za ziwa zilizotulia. Hakuna awezaye kufukia Mweru. Mbu huyo ataendelea kuzaliwa wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na kila usiku atakuja kutafuta damu ya watu, hasa usiku wa manane hadi karibu na mapambazuko, ndani ya nyumba wanamolala. Akishashiba hutua ukutani kupumzika. Basi ukuta ndio uwanja wa mapambano yote: ndio umzuiao asiingie, na ndio umwuao kwa dawa iliyopulizwa endapo ameingia.

Msomaji wa Dodoma au wa Kongo ya mashariki atamkumbuka adui mwingine, ambaye Waswahili walimpa jina lake zamani kabla ya madaktari kumjua: papasi. Huyu ni kupe laini mwenye rangi ya vumbi, asiye na ngao mgongoni. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na za kuta za udongo. Usiku hutoka, humnyonya aliyelala kwa muda usiozidi nusu saa hivi, kisha hurudi ufani kabla hajaonekana. Aweza kukaa miaka bila chakula, akingoja wenye nyumba warudi. Homa anayoileta huja, huondoka na kurudi tena baada ya siku kadhaa.

Ushahidi kwamba papasi ndiye mwenye kuileta homa hiyo ulipatikana katika nchi zetu hizi, tena kwa bei kubwa. Mwaka 1904 madaktari Ross na Milne waliueleza kutoka Uganda. Wakati huohuo Joseph Everett Dutton na mwenzake John Todd, waliotumwa na Chuo cha Liverpool, walikuwa wakiuchunguza katika Kongo. Wote wawili waliugua homa hiyo waliyoitafuta. Dutton alifariki Kasongo, mji uliokuwa makao ya Tippu Tip, mwezi wa Februari mwaka 1905. Katika mwaka huohuo Robert Koch, akiwa katika iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, alionyesha kwamba papasi jike huweza kuupitisha ugonjwa hadi kwenye mayai yake. Maana yake ni kwamba ufa ulioachwa wazi hurithishwa kutoka kizazi kimoja cha papasi hadi kingine, kama vile watu wanavyorithishana nyumba.

UFA UNAOTEMBEA NA UFA ULIOTULIA

Kabla ya kukanda udongo, sharti mwenye nyumba azunguke ndani na nje akiziangalia nyufa kwa utulivu, maana si zote za aina moja.

Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama utando wa buibui zimo katika lipu tu. Huonyesha kwamba udongo ulikuwa na unamo mwingi mno, na dawa yake ni kupaka upya udongo wenye mchanga zaidi. Nyufa zinazofuata mshono wa matofali, za mlalo au za wima, ni za tope lililonywea, na hizi ndizo hasa makazi ya papasi. Lakini ufa unaopanda kama ngazi kutoka pembe ya dirisha kwenda juu, au kutoka msingini kwenda kwenye kizingiti, ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, huo una habari nyingine: msingi unazama upande mmoja, au hapana mbao wala linta ya kutosha juu ya dirisha.

Kuna njia rahisi ya kujua kama ufa kama huo bado unatembea. Kipande cha karatasi hubandikwa kwa uji wa unga wa mihogo kuukata ufa katikati, na tarehe huandikwa juu yake. Karatasi ikikaa nzima kwa mwezi au zaidi, ufa umetulia na waweza kuzibwa. Ikichanika, kuziba ni kupoteza nguvu. Hapana budi kwanza kutafuta maji yanayoudhoofisha msingi, ambayo mara nyingi ni matone ya paa yanayochimba chini ya ukuta, kisha kuyaondoa kwa kurefusha paa, kuchimba mfereji na kuinua ardhi iliyo karibu na ukuta. Fundi anayeziba ufa unaotembea bila kuuliza habari za msingi, na akachukua fedha, hana tofauti na mganga anayetibu kikohozi kwa kumfunga mgonjwa mdomo.

KUPATA UDONGO ULIO SAWA

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Watu hudhani kwamba udongo mzuri wa kuziba ni ule unaonata sana, kwa kuwa hushika vidole. Kumbe unaonata sana ndio unaopasuka sana. Udongo wa kichuguu, unaopendwa na wafyatua matofali kote Zambia, una unamo mwingi; ukipakwa peke yake utakauka na kujikunja kama gome la mti. Ni mchanga unaouzuia kunywea.

Mtu achukue chupa nyeupe, aijaze udongo hadi theluthi moja, aongeze maji na chumvi kidogo, aitikise kwa nguvu, kisha aiache mpaka kesho yake. Mchanga utakuwa umetuama chini, vumbi laini katikati, na udongo wa mfinyanzi juu kabisa. Mchanga ukiwa umezidi nusu ya yote, udongo huo u karibu na kufaa. Ukiwa haufiki nusu, utahitaji kuongezwa.

Chupa hutoa dokezo tu. Ukuta wenyewe ndio hakimu. Fundi mwenye busara hutengeneza michanganyiko mitatu: kopo moja la udongo kwa kopo moja la mchanga, moja kwa mawili, na moja kwa matatu. Hupaka viraka vitatu vyenye ukubwa wa sahani mahali pa siri, nyuma ya nyumba, na kuvipa siku nne au tano. Kiraka kilichopasuka kina mchanga mchache. Kinachomomonyoka kikisuguliwa kwa kidole kina mchanga mwingi. Kile kilichobaki kizima na kigumu ndicho kitakachotumika kwa nyumba nzima. Mchanga wenyewe uwe wa chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika. Ule wa ufukweni ambao wote ni laini na wa kadiri moja haushikani vizuri, na wa mtoni mara nyingi huushinda.

Majani makavu yakatwe mafupi, urefu wa kidole, na kukandwa pamoja na tope. Hayo ndiyo nyuzi zinazoshika udongo usiachane. Kwingineko Afrika watu huongeza samadi ya ng'ombe, na ni jambo jema, lakini katika Luapula ng'ombe ni wachache, na majani yatatosha. Tope likishakandwa lilale siku mbili au tatu chini ya gunia lililoloweshwa, ili maji yaingie katika kila punje. Wakati wa kutumiwa likandwe tena.

KUZIBA KWENYEWE

Kosa la kawaida ni kupaka tope juu ya ufa kama mtu apakaye siagi juu ya mkate. Uso hupendeza, na nyuma yake pango limebaki vilevile, wenyeji wake wakiwa ndani salama. Baada ya majuma machache kiraka huanguka, kwa maana kilishikilia vumbi.

Kazi iliyo sawa huanza kwa kuupanua ufa. Jambo hili huwatisha watu, lakini halikwepeki. Kwa kisu kikuukuu au ncha ya panga ufa hukwanguliwa hadi mahali penye udongo mgumu, na kingo zake hukatwa hivi kwamba ndani pawe pana kidogo kuliko nje, ili kiraka kikikauka kisiweze kutoka. Vumbi lote hufagiliwa kwa brashi au kishada cha nyasi. Kisha hunyunyiziwa maji, si ya kumiminika ukutani, bali ya kuulowesha udongo wa zamani mpaka ugeuke rangi. Ukuta mkavu hulinyonya tope jipya maji yake yote kabla halijashikamana nalo. Watu wengi wameulaumu udongo kwa kosa ambalo lilikuwa la ndoo.

Hapo tope gumu, lenye maji machache kadiri inavyowezekana, husukumwa ndani kabisa kwa kidole gumba au kwa kijiti kilichochongwa bapa. Katika ufa mpana waashi wa pwani ya Afrika Mashariki wana ufundi wao wa tangu zamani uitwao kutomea: kupachika vijiwe vidogo katika tope la kujazia, ili tope liwe kidogo na jiwe liwe jingi, maana jiwe halinywei. Panapokosekana mawe, vigae vya matofali yaliyochomwa hufanya kazi ileile. Ufa usijazwe hadi juu siku hiyo. Uachwe upungufu wa nusu kidole, na uso wa kiraka uchorwechorwe kwa msumari ili tabaka la pili lipate pa kushika.

Tabaka la kwanza likikauka litakuwa limepasuka kidogo kandokando. Hilo halina neno. Ndiyo sababu limewekwa mapema. Huloweshwa tena, na tabaka la pili, lililochekechwa na lenye mchanga zaidi, hujaza nyufa hizo na kusawazishwa na ukuta. Linapokuwa limekaza lakini halijakauka, husuguliwa kwa jiwe laini au kwa kitambaa kilicholoweshwa, kwa mwendo wa duara, mpaka mshono usionekane. Kukausha kwa haraka ni adui. Upande unaopigwa na jua la adhuhuri au upepo wa ziwani ufunikwe kwa mkeka au gunia siku mbili za kwanza.

MISHONO

Iko mishono ambayo hata ikijazwa kwa ustadi wote huo itafunguka tena: pale ukuta unapokutana na mwimo wa mlango au fremu ya dirisha, pale chumba kipya kilipoongezwa kwenye nyumba ya zamani, na pale lipu inapopita kutoka kwenye tofali hadi kwenye boriti. Kujaza tu hakutoshi huko. Inatakiwa kitu chenye nyuzi kiushike upande huu na upande ule.

Mafundi wa majumba ya mijini, wanaotumia mbao za jasi zilizovikwa karatasi, wanalijua jambo hili vizuri. Mbao hizo zilianza Marekani, ambako Augustine Sackett alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1894, na leo huonekana katika dari na kuta za nyumba nyingi za Afrika. Fundi wa jasi haishii kujaza pengo kati ya mbao mbili. Hupaka unga wa jasi uliokorogwa, huubandikia utepe wa karatasi au wa nyuzi ungali mbichi, huukandamiza kwa bapa la chuma ili hewa yote itoke, kisha huufunika kwa matabaka mawili zaidi, kila moja pana kuliko lililotangulia na kila moja likisubiri jenzake likauke. Utepe ukisahauliwa, ufa hutokea katika mstari ulionyooka kama uliopigwa rula.

Mwenye nyumba ya udongo ana utepe wake pia. Gunia la katani au la juti, lile linalochoma mikono, hukatwa vipande vyenye upana wa sentimita 15 hivi. Mwanya ulio kando ya mwimo hujazwa kwanza kwa matambara ya gunia yaliyochovywa katika uji wa udongo na kushindiliwa kwa kijiti. Juu yake hupakwa tabaka jembamba la tope. Kipande cha gunia, nacho kikiwa kimechovywa, hulazwa juu ya tope hilo likiwa bichi, nusu yake kwenye ukuta na nusu kwenye mti, ambako hushikizwa kwa misumari midogo. Kisha tabaka la pili hukifunika. Mwimo utafura na kusinyaa, na gunia litanyoosheka pamoja nao. Magunia ya plastiki, yaliyozagaa kila soko siku hizi, hayafai hata kidogo: ni laini mno, na tope huteleza juu yake.

Chandarua kilichochakaa kabisa, ambacho nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na kipya, chaweza kukatwa na kutumiwa namna hiyohiyo. Kingali kizima mahali pake ni kitandani, wala si ukutani wala majini. Kuvulia kwa vyandarua kunawamaliza samaki wachanga ambao ndio akiba ya ziwa.

MWANYA ULIO CHINI YA PAA

Mtu aweza kuziba kila ufa wa ukuta na bado akaacha lango kubwa kuliko yote likiwa wazi: ile nafasi iliyo kati ya kichwa cha ukuta na paa. Mbu wa malaria, arukapo akaukuta ukuta, hupanda juu. Nafasi hiyo humpokea moja kwa moja. Katika Gambia, mwaka 2006 na 2007, nyumba zilijaribiwa kwa kuwekewa nyavu milangoni na madirishani pamoja na kuzibwa mianya ya chini ya paa, na nyingine kwa kuwekewa dari ya wavu tu. Mbu walioingia walipungua kwa kadiri ya nusu au zaidi, na watoto waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu walikuwa wachache kuliko katika nyumba zilizoachwa kama zilivyokuwa. Hata dari ile ya wavu tu ilisaidia karibu sawa na kuziba nyumba yote.

Mwanya huo huzibwa kwa vipande vya matofali na tope lenye majani mengi, vikipandishwa mpaka viguse mabati au fito, na mshono wa mwisho hushikizwa kwa gunia. Lakini hapa inahitajika hadhari. Nyumba ambayo jiko la kuni huwashwa ndani isizibwe juu kabla moto haujahamishiwa jikoni nje, kwa maana moshi utawaumiza wale wale wanaokingwa na mbu. Na chumba kilichozibwa chahitaji dirisha lenye wavu, lau dogo, kila upande. Pasipo hewa, joto la Oktoba litawafukuza watoto nje ya nyumba usiku, na huko mbu wanawangoja. Mwenye uwezo wa kuweka dari ya mbao za jasi na ahakikishe kwanza kwamba mabati hayavuji. Jasi hunywa maji kama sifongo, na dari iliyolowa mara mbili huanguka.

MWEZI UPI

Serikali na washirika wake wamekuwa wakipuliza dawa ya kuua mbu katika kuta za nyumba za Nchelenge, kwa kawaida kabla ya mvua. Kwa kuwa mbu wa huko walikuwa wamezoea dawa za aina ya zamani, tangu mwaka 2014 ilitumika dawa nyingine, pirimifosi-methili. Katika miaka mitatu ya kwanza, vijidudu vya malaria katika damu za watu wa maeneo yaliyopulizwa vilipungua kwa kadiri ya robo hivi wakati wa mvua. Faida hiyo si ndogo. Lakini haikuwa kubwa kama ilivyotumainiwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiachia dawa peke yake kazi yote.

Ni muhimu kuelewa kwamba dawa hiyo hukaa juu ya uso wa ukuta. Mbu atuapo huigusa kwa miguu yake na kufa. Basi mwenye nyumba akipaka udongo mpya juma moja baada ya wapulizaji kupita, ameizika dawa yote chini ya tope, na familia yake imebaki kama ambayo haikupulizwiwa kamwe. Jambo hili hutendeka sana, tena kwa nia njema: baba ameshughulika na nyavu kiangazi chote, mama ameshughulika na mihogo na kuanika samaki, na ukuta hukumbukwa mvua ya kwanza inapopenya. Kisha huja ule muda wa kufungwa kwa uvuvi, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, ambapo wanaume wako nyumbani na nguvu zipo. Lakini miezi hiyo ni ya mvua. Udongo haukauki, wapulizaji wamekwisha kupita, na kila kiraka huzika dawa.

Kazi ya nyufa, kwa hiyo, ni ya Juni, Julai na Agosti, mvua zikiwa zimekwisha muda mrefu na joto la Oktoba likiwa bado. Nyumba ya vyumba viwili yaweza kumalizwa na watu wawili katika majuma mawili bila kuacha kwenda ziwani, iwapo alfajiri hujazwa na jioni hulaniwa kwa jiwe, na siku za katikati huachiwa udongo ukauke. Septemba ukuta uwe mkavu hadi ndani, tayari kuipokea dawa.

Wengi hutamani kuumaliza udhia huu mara moja kwa kupiga lipu ya saruji juu ya matofali mabichi. Saruji hugharimu fedha nyingi, nayo ni ngumu na haitembei. Udongo ulio nyuma yake hutembea, na maji yanayopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea. Baada ya masika mawili au matatu lipu hiyo huachana na ukuta ikatoa mlio wa utupu igongwapo, na kati yake na tofali huwa kuna nyumba nzima ya wadudu. Anayeitaka hata hivyo na aipigilie ukutani kwanza nyavu za waya, zile za mabanda ya kuku, kwa misumari mirefu. Lakini fedha hizohizo zingefanya kazi bora zaidi chini, katika msingi na katika ukanda wa sentimita 50 kuuzunguka ukuta wa nje, mahali matone ya paa yanapoangukia na kurusha maji.

Hutokea kwamba baada ya dawa kupulizwa ufa mpya huonekana, hasa kando ya milango. Usiachwe mpaka Juni. Huzibwa kwa ncha ya kisu, tope likisukumwa ndani ya ufa wenyewe na kukatwa sawasawa na ukuta, bila kulipakaza kandokando hata upana wa kidole. Na ukuta uliobaki, wenye madoa meupe ya dawa, usioshwe, usipakwe chokaa wala kusuguliwa hadi mvua zitakapokwisha.